Mapumziko ya Askari Nayo Yahitaji Amri ya Operesheni

Miaka michache iliyopita, mke wa sajini mmoja wa kikosi changu alifika ofisini kwangu asubuhi, akaketi kwenye benchi la nje mpaka wageni wote walipokwisha, ndipo akaingia. Mumewe alikuwa amerejea kutoka Somalia miezi miwili kabla ya siku hiyo. Nilidhani mama yule amekuja kwa habari ya karo au ya nyumba. Sivyo. Aliniambia, "Afande, mume wangu amerudi nyumbani, lakini hajapumzika hata siku moja. Usiku anakaa mlangoni. Jumamosi na Jumapili yuko kantini, na akirudi watoto wanajificha. Mpeni kazi, au mpeni mapumziko. Hivi alivyo sasa si kazi wala si mapumziko."

Maneno ya mama yule sijayasahau, na ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu leo.

Ndugu zangu askari wa jeshi na wa polisi, sisi ni watu wa mpango. Hakuna hata mmoja wetu atokaye langoni kwa doria bila kujua anakwenda wapi, na nani, kwa njia ipi, na atarudi saa ngapi. Lakini ikifika Ijumaa jioni, mtu yule yule aliyeipanga doria ya watu 12 kwa uangalifu mkubwa hutoka kambini bila mpango wowote, mshahara ukiwa mfukoni, akafuata miguu yake inakompeleka. Na miguu ya mtu aliyechoka haimpeleki mbali. Humpeleka kwenye pombe iliyo karibu. Jumatatu hurudi kazini akiwa amechoka kuliko alivyotoka, fedha zimepungua, na huenda nyumbani ameacha ugomvi. Maoni yangu ni kwamba mapumziko ya askari ni sehemu ya kazi yake, kama vile kusafisha bunduki kulivyo sehemu ya kulenga shabaha. Na kwa kuwa ni sehemu ya kazi, hayana budi kupangwa kama kazi.

Ili nisiseme maneno matupu, nitachukua mfano mmoja ninaoujua vizuri, nao ni mwisho wa juma wa kucheza gofu mjini Kabale na kulala kando ya Ziwa Bunyonyi.

Najua wapo watakaocheka. Gofu? Mchezo wa mawaziri, mabalozi na wenye magari makubwa? Nawaomba wanivumilie kidogo. Mchezo huu uligombana na jeshi kabla haujawa mchezo wa mabwana. Mwaka 1457, wakati wa Mfalme James wa Pili, Bunge la Scotland lilipiga marufuku gofu pamoja na mpira wa miguu, kwa sababu vijana waliupenda mchezo huo hata wakaacha mazoezi ya upinde na mshale, nayo nchi ilikuwa katika uhasama na Uingereza. Ilipofika mwaka 1502, nchi hizo mbili zilipotia saini mkataba wa amani, mfalme wa Scotland wa wakati huo, James wa Nne, alinunua fimbo za gofu. Na fundi aliyemuuzia alikuwa nani? Alikuwa fundi wa kutengeneza pinde. Basi mchezo huu tangu zamani ulikuwa mikononi mwa watu wa silaha, na fundi mmoja aliweza kuitumikia vita na mapumziko pia.

Hapa kwetu Uganda, uwanja wa Entebbe una umri wa zaidi ya karne moja, na kila mwenye kufuatilia mchezo huu anajua kwamba wachezaji wetu wengi hodari hawakuzaliwa katika nyumba za matajiri. Walianza wakiwa vijana wa kubeba mifuko ya fimbo, wakijifunza kwa kutazama. Nami nilianza hivyo hivyo. Nilipokuwa luteni mpya, mkuu wangu alinichukua nimbebee mfuko, na alipochoka alinipa fimbo nijaribu. Mpira wa kwanza niliukosa, na wa pili pia. Wa tatu uliruka, na tangu siku ile nimekuwa mtu wa gofu.

Sasa narudi kwa yule sajini. Baada ya maneno ya mkewe nilijisemea kwamba nitamtoa mtu huyu kambini walau kwa siku mbili. Nia ilikuwa njema, lakini nia njema bila mpango ni hasara. Tuliamua safari Ijumaa saa sita mchana; saa kumi jioni tulikuwa barabarani, watu wanne: sajini yule, mwenzake mmoja, rafiki yangu inspekta wa polisi, na mimi. Wake zetu hatukuwachukua. Hakuna aliyepiga simu kuulizia chumba wala kuulizia uwanja. Njiani gurudumu lilitoboka, tukagundua kuwa jeki tumeiacha nyumbani. Tuliingia Kabale saa nane usiku, milango yote imefungwa, tukalala ndani ya gari tukiwa tumevaa mashati mepesi ya Kampala, meno yakigongana kwa baridi. Asubuhi tulipofika uwanjani tuliambiwa kwa adabu kwamba siku hiyo kuna mashindano ya wanachama. Mwenzetu mmoja alikuwa amechukua fedha za karo ya mtoto. Ilibidi akope kwa simu, tena kwa riba, ili apate kuchangia mafuta ya kurudia. Sajini wangu alirudi nyumbani hali ile ile aliyotoka nayo. Makosa yote yalikuwa yetu, na zaidi yalikuwa yangu, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa na cheo cha juu na mimi ndiye niliyeshika usukani.

Majuto ni mjukuu, lakini askari hutakiwa kujifunza kutokana na majuto. Katika chuo cha maafisa wanafunzi kule Kabamba tulifundishwa kwamba amri ya operesheni ina vichwa vitano: hali, lengo, utekelezaji, utawala na ugavi, na mwisho uongozi na mawasiliano. Miezi mitatu baadaye nilichukua karatasi nikaviandika vichwa hivyo vitano, nikaipanga safari ile upya. Naviweka hapa mbele yenu kimoja kimoja.

Kwanza, hali. Kabla ya yote mtu aijue ardhi. Kabale ni zaidi ya kilomita 400 kutoka Kampala, kwa barabara ya Masaka, Mbarara na Ntungamo. Hiyo ni safari ya siku nzima, hata kama dereva ni hodari. Kwa hiyo aliye Kampala asijidanganye kwamba siku mbili zinatosha. Aombe tatu, au nne akiweza. Aliye Mbarara ni jirani, naye siku mbili zinamtosha. Aulizie barabara pia. Mwaka 2023 daraja la Katonga, ambalo kila askari analijua kwa mapigano ya mwaka 1985, lilifungwa kwa sababu ya mafuriko, na wasafiri wa upande wa magharibi walilazimika kuzunguka mbali. Aliyeuliza aliondoka mapema. Asiyeuliza alilala njiani.

Mji wa Kabale uko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Bunyonyi liko juu zaidi, kwenye mita 1,962. Wataalamu wa miamba husema kwamba hapo zamani palikuwa na bonde la mto, nalo likazibwa na lava ya volkano, maji yakajaa katikati ya vilima. Ndiyo maana ziwa hilo ni refu, lenye kona nyingi na visiwa 29, na kingo zake ni mashamba ya ngazi yaliyolimwa mpaka vileleni. Jina lake kwa lugha ya wenyeji maana yake ni mahali pa ndege wadogo wengi. Asubuhi ukungu hulala juu ya maji, na usiku baridi ni kali. Mvua kubwa hunyesha kati ya Machi na Mei, na tena kati ya Septemba na Novemba. Basi anayeweza kuchagua, achague Juni, Julai au Januari.

Mchezaji naye aijue hewa. Milimani hewa ni nyepesi, na mpira huruka mbali kuliko kule Entebbe kando ya Ziwa Viktoria. Aliyezoea kupiga kwa fimbo fulani kufikia shimo fulani ataona mpira umepita juu ya bendera na kuingia kichakani. Achague fimbo fupi zaidi. Lakini hewa hiyo hiyo inayousaidia mpira humchosha mtu. Anayepanda kilima mbio mbio siku ya kwanza atahema kama kuruta.

Pili, lengo. Amri njema husema lengo kwa sentensi moja, na sentensi yetu ilikuwa hii: kupumzika na kurudi tukiwa wazima, sisi na wake zetu. Hayakuwamo maneno ya kushinda, wala ya kupiga picha za kuwaonyesha wenzetu, wala ya kutafuta wakubwa wa kujuana nao uwanjani. Lengo likiwa wazi, mambo mengi hujiamua yenyewe. Mtu akiuliza, "Je, tubebe kreti ya bia?" jibu liko ndani ya lengo. Akiuliza, "Je, mama watoto aje?" jibu pia limo humo. Wake zetu hulinda nyumba miezi 12 tunapokuwa nje ya nchi. Sielewi kwa nini tukipata siku tatu za raha tuwaache walinde tena.

Tatu, utekelezaji. Tuliondoka Ijumaa saa kumi na moja alfajiri, tukiwa na madereva wawili wa kupokezana. Tulisimama Kayabwe kwenye mstari wa Ikweta, tukanywa chai Masaka, tukala chakula cha mchana Mbarara, na saa kumi jioni tulikuwa Kabale na jua likingali juu. Kutoka mjini hadi ziwani si mbali, haizidi kilomita 10. Gari hupanda kilima, na ukifika juu ziwa hujitokeza ghafla chini yako. Wake zetu walinyamaza. Sajini alisema neno moja tu: "Kumbe." Jioni ile hatukufanya lolote ila kula na kulala.

Jumamosi asubuhi tulicheza. Uwanja wa Kabale uko karibu na hoteli ya zamani ya White Horse Inn, juu ya mji, una mashimo tisa na vilima vyake. Mashimo tisa huchukua kama saa mbili. Anayetaka 18 huzunguka mara mbili. Anayeanza asione haya: tisa zatosha, na aliye mpya kabisa aanze kwa kupiga mipira mifupi karibu na shimo, kwa maana nusu ya mchezo huu iko katika zile hatua chache za mwisho. Shimo lenyewe lina upana wa sentimita 10.8 tu. Nguvu za kubeba chokaa hazisaidii pale.

Jambo moja la usalama sharti lisemwe kwa sauti. Radi ikisikika, mchezo umekwisha. Mtu aliyesimama juu ya kilima kitupu, na fimbo ya chuma mkononi, ni shabaha kamili. Nchi yetu inaijua radi: mwaka 2011 iliua watoto 18 katika shule moja ya msingi wilayani Kiryandongo, kwa mpigo mmoja. Usikimbilie chini ya mti. Ingia ndani ya nyumba au ndani ya gari.

Mchana tulirudi ziwani. Hapo napo kuna sheria ambayo haina msamaha: kila anayepanda mtumbwi au boti avae jaketi la kuokolea maisha, hata kama ni bingwa wa kuogelea, hata kama ni mkuu wa kikosi. Mwezi Novemba 2018, boti ya starehe iliyojaza watu kupita kiasi ilizama katika Ziwa Viktoria upande wa Mukono, wakafa watu zaidi ya 30. Wenzetu wa polisi na wa jeshi ndio walioitoa miili majini. Walioshuhudia kazi ile hawahitaji kuhubiriwa. Tulichukua boti iliyo na jaketi za kutosha, tukazuru visiwa. Tulipita Bwama, mahali ambapo Dokta Leonard Sharp, mmisionari aliyefika Kigezi mwaka 1921, alijenga makao ya wagonjwa wa ukoma katika miaka ya 1930. Tulipita pia Akampene, kisiwa kidogo chenye majani tu. Huko zamani wasichana waliopata mimba kabla ya kuolewa walitupwa humo wafe kwa njaa, isipokuwa akitokea mwanamume asiye na mahari akamchukua mmoja wao kuwa mke. Wake zetu walikitazama kisiwa kile muda mrefu. Mke wa inspekta aliuliza, "Na hao wanaume waliowapa mimba walitupwa kisiwa gani?" Hakuna askari aliyekuwa na jibu.

Nne, utawala na ugavi. Hapa ndipo wengi huanguka. Tulikubaliana kila nyumba iweke kiasi kidogo kila mwezi kwa miezi mitatu. Vyama vyetu vya akiba na mikopo vipo, Wazalendo kwa wanajeshi na Exodus kwa polisi. Anayejiwekea akiba humo hana sababu ya kukopa kwa simu usiku wa manane. Karo iliwekwa kando kwanza, na kodi, na chakula cha mwezi. Kilichobaki ndicho cha safari, na kama hakitoshi, safari inangoja. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba hicho kisiwe cha mtoto wa shule.

Tulipiga simu mapema, tukaulizia chumba, ada ya uwanja na mashindano, tukaandika jina la aliyetujibu. Kuhusu fimbo, sheria humruhusu mchezaji kubeba 14, lakini hakuna amri inayosema lazima zifike 14. Saba zinatosha kwa mchezo wa kirafiki, na vijana wa uwanjani wanajua pa kuazima. Mwajiri kijana wa kubeba mfuko, mlipe sawasawa na umsikilize, kwa sababu yeye anakijua kila kilima kama mlinzi anavyolijua lindo lake. Mavazi: sweta, koti la mvua, viatu vya kushika nyasi. Chakula si tatizo. Kigezi kuna viazi vitamu na vya mviringo, mboga mbichi, uji wa mtama uitwao obushera, na kamba wa maji baridi wanaovuliwa humo ziwani. Tena nunueni kwa wenyeji, mkawasalimie kwa lugha yao, "Agandi". Raia akimwona askari ananunua kwa bei halali na kusalimu kwa heshima, hiyo ni kazi ya uhusiano mwema ambayo ofisi yangu haiwezi kuifanya kwa matangazo 100.

Tano, uongozi na mawasiliano. Kundi liwe na kiongozi mmoja, hata kama wote ni marafiki. Kikosini paachwe jina la mahali mlipo na nambari za simu zinazopatikana. Silaha ibaki ghalani. Aliye kwenye mapumziko hana haja ya bunduki, na bunduki ikikutana na pombe sote tunajua mwisho wake. Atakayeendesha gari kesho hanywi leo. Na saa ya kurudi iandikwe pamoja na saa ya kuondoka. Sisi tuliondoka ziwani Jumapili saa mbili asubuhi, tukalala nyumbani, na Jumatatu kila mmoja alikuwa kwenye gwaride akiwa amenyoa ndevu.

Nimesimulia mpango, sasa nisimulie matokeo yake. Kwenye shimo la sita mpira wa sajini uliingia katika majani marefu. Alipoiweka fimbo yake nyuma ya mpira, ukasogea kidogo, labda upana wa kidole. Sisi tulikuwa mbali, hakuna aliyeona. Tulipomaliza shimo nikauliza mapigo yake, akasema, "Sita, afande. Matano ya kupiga, na moja la adhabu. Mpira ulisogea." Nilikumbuka habari ya Bobby Jones, Mmarekani aliyekuwa bingwa wa zama zake. Mwaka 1925, katika mashindano makubwa ya wazi ya nchi yake, alijihesabia adhabu ya namna hiyo hiyo kwa mpira uliosogea bila mtu mwingine kuona, na akaukosa ubingwa kwa tofauti ya pigo moja katika mchezo wa marudio. Mchezo huu kwa kawaida hauna refa wa kukufuata. Mchezaji ndiye anayejiandikia makosa yake. Nauliza, ni mafunzo gani mengine yamfaayo zaidi askari anayelinda ghala peke yake usiku, au polisi anayesimama kizuizini na dereva mwenye noti mkononi?

Jumamosi alasiri, sajini aliketi kwenye kiti cha mbao kando ya maji, akasinzia. Alilala saa mbili mchana kweupe, mdomo wazi, na mkewe akatuashiria tusipige kelele. Usiku ule hakukaa mlangoni. Sitaki kumdanganya msomaji: siku tatu za milimani hazikumponya. Tuliporudi alikubali kwenda kumwona daktari wetu, jambo alilokuwa akilikataa kwa muda mrefu, na alihudhuria miezi mingi. Gofu si dawa ya mambo yaliyomo ndani ya mtu aliyeona vita. Lakini mtu asiyelala hasikii ushauri, na aliyelala angalau mara moja hukumbuka kwamba usingizi upo, akautafuta.

Wapo watakaosema, mshahara wa askari wa cheo cha chini haufiki huko. Hoja hiyo ni ya haki, wala siipuuzi. Hata hivyo sikusema kila askari aende Bunyonyi. Nimesema kila askari apange mapumziko yake. Asiye na fedha za safari aweza kuchukua vichwa vile vile vitano akaenda na watoto kijijini kwao siku mbili, au kuvua samaki, au kutazama mpira. Kinachookoa ni mpango. Wengine watasema mpira wa miguu unatutosha. Ni mchezo mzuri, nami naupenda, lakini unahitaji miguu ya kijana. Sajini wa miaka 45 mwenye goti bovu atacheza nini? Gofu huchezwa mpaka uzeeni, na aliyestaafu hukutana huko na wenzake badala ya kukaa peke yake na kumbukumbu zake. Nao polisi watasema, sisi hatuna Jumamosi wala Jumapili. Kweli. Basi mwisho wa juma wenu uwe Jumanne na Jumatano. Uwanja hauna watu, na vyumba ni rahisi kupatikana.

Mwisho, kwa heshima zote, nina maombi matatu kwa wakuu wetu. La kwanza, ruhusa zitolewe kwa ratiba na zijulikane mapema, maana askari anayepewa pasi Ijumaa saa kumi jioni hana namna ya kupanga. Na isipokuwa kwa dharura ya kweli, ruhusa iliyokwisha kutolewa isifutwe. La pili, ghala la michezo la kila kikosi, penye mipira na nyavu, liwe na seti moja au mbili za fimbo za gofu, hata zilizokwisha kutumika, ili koplo naye apate kujaribu. La tatu, kila afisa anayecheza gofu amchukue askari mmoja wa chini mara moja kwa mwezi. Asimchukue kubeba mfuko tu, ampe na fimbo.

Mama yule aliyekaa kwenye benchi langu hakuomba makubwa. Aliomba mumewe apewe kazi au mapumziko. Kazi tunaijua kuipanga, tena vizuri. Haya mengine nayo tuyapange. Juma lijalo, kabla ya Ijumaa, kila mmoja wetu achukue karatasi, aandike vichwa vitano, na kwenye kichwa cha pili aandike majina ya walio nyumbani mwake.